Tulivyokwenda Kumpa Nkwabi Pole

Kikao cha kupanga safari ya kwenda kumpa Nkwabi pole kilichukua dakika ishirini, na kumi na tano kati ya hizo tulibishana kuhusu soda. Kreti moja au mbili? Za chupa au za plastiki? Mimi nilikaa mwisho wa meza nikiandika mukhtasari, maana ofisini kwetu kila kikao lazima kiandikiwe mukhtasari hata kama kinahusu soda, na kila neno nililoandika lilinikera. Hakuna aliyeuliza Nkwabi anaumwa nini. Wote tulijua. Tulikuwepo alipougua, na kusema kweli tulimpigia makofi.

Hilo la makofi nitalieleza. Nipeni nafasi kwanza, maana nikianza nalo nitatukana.

Naitwa Dorotea Ndahani. Ni karani katika kiwanda cha minofu ya sangara, Igogo, mwaka wa tisa sasa. Ni Mgogo wa Dodoma, niliolewa Mwanza, nikaachika Mwanza, nikabaki Mwanza kwa sababu watoto walishazoea shule na mimi nilishazoea dagaa. Chini ya ofisi yetu wanachuna na kukata samaki. Sisi wa ghorofani tunakatana wenyewe kwa wenyewe. Ziwa liko hatua mia mbili kutoka mezani kwangu, lakini dirisha limebandikwa karatasi nyeusi ili mwanga usisumbue kompyuta, kwa hiyo ziwa tunalijua kwa harufu tu.

Nkwabi Mayala ndiye afisa nyaraka wetu. Minofu ikipanda ndege kwenda Ulaya haiendi peke yake. Inaongozana na vyeti vya afya, orodha za maboksi, namba za magari, namba za vyumba vya baridi. Namba moja ikikosewa, mzigo unazuiwa huko uendako, samaki wanaharibika, na simu zinaanza kupigwa. Dawati hilo lilikuwa na watu watatu. Mmoja alistaafu. Mwingine, Masele, akapata kazi Geita, akaondoka hata keki ya kumuaga hatukukata. Meneja wetu, Bwana Chenge, akamwambia Nkwabi, "Shikilia kidogo, tunatafuta watu." Kidogo hicho kilifika miezi kumi na minne. Ndani ya miezi hiyo kiwanda kilipata mashine mpya ya barafu, magari mawili, na sanamu ya sangara ya kuweka getini, lakini mtu mmoja wa kukalia kiti cha Masele hakupatikana nchi nzima.

Halafu kuna kundi la WhatsApp. Chenge ndiye aliyelifungua, akaliita "Familia Moja". Akiandika kitu humo, siku yoyote, saa yoyote, kila mtu anatakiwa ajibu "Nimepokea" ndani ya dakika tano. Asiyejibu anasomwa jina Jumatatu asubuhi, sote tukiwa tumesimama mstari kama darasa la tatu, watu wazima wenye wajukuu. Nkwabi aliwahi kujibu "Nimepokea" akiwa makaburini anamzika baba mkwe wake, udongo bado uko mkononi. Alituhadithia mwenyewe aliporudi kazini, na alivyohadithia tulicheka mpaka tukaegemea ukuta.

Hapo ndipo penye kidonda. Nkwabi ni mtani wangu. Wagogo na Wasukuma tunataniana tangu enzi za mababu. Mtani anakwambia neno ambalo angelisema mtu mwingine mngeshikana mashati, nawe unacheka na kumrudishia. Asubuhi alikuwa akipanda ngazi ananipigia kelele, maana Wagogo tunatajwa kuwa ombaomba, "Mgogo! Leo umeomba kituo gani?" Nami namjibu, "Msukuma, ng'ombe wako wamekupa ruhusa ya kuja kazini?" Siku inaanza. Bila vituko vya Nkwabi nafikiri nusu yetu tungeshaacha kazi, au tungeshamrushia Chenge stepla.

Sasa sikilizeni jinsi vituko vyenyewe vilivyobadilika. "Mgogo, nikifa msihangaike na jeneza, nipakieni kwenye boksi la minofu, kibali nitakuwa nimeshajiandikia." Tukacheka. "Siku hizi sili mchana, tumbo limejaa namba." Tukacheka. "Jana mke wangu kaniuliza mtoto yuko wapi, nikamtajia namba ya cheti." Hicho tulikicheka wiki nzima, walinzi wa getini nao wakakirudia. Alikuwa anakonda mbele ya macho yetu, mkanda ameutoboa tundu mbili kwa msumari, na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Msukuma, naona unajipunguza utoshee kwenye boksi." Akacheka kuliko wote. Nikikumbuka kile kicheko chake natamani kujizaba makofi.

Ikaja Jumatano, saa nne asubuhi. Mzigo ulikuwa unasubiriwa uwanja wa ndege, Chenge ameshatuma ujumbe kumi na moja. Nkwabi akainuka, akaenda kusimama karibu na printa, akashika karatasi mbele ya uso, akaanza kusoma namba kwa sauti kubwa. Sauti yenyewe ilikuwa ya Chenge hasa, na ule mtindo wake wa kuvuta maneno mwishoni. Alimaliza namba moja akairudia. Akairudia tena. Tukajua leo mtani kaamua kumuigiza bosi mchana kweupe. Watu wakasogeza viti. Mmoja akatoa simu akarekodi. Kila akimaliza namba mimi naitikia, "Nimepokea!" na ofisi nzima inapiga makofi.

Tulikwenda hivyo dakika kumi nzima. Ndipo Riddhi wa kitengo cha ubora, ambaye hakuwa anacheka, alipopita nyuma yake akasimama ghafla. Akanitazama. Akasema polepole, "Dorotea, karatasi haina kitu."

Ilikuwa tupu. Alikuwa anasoma karatasi nyeupe, na jasho limemlowesha shati mpaka kiunoni. Nilipomshika mkono aliendelea kusoma. Hakunijua mimi ni nani. Tulimshusha ngazi tukiwa watu wanne, yeye anasoma namba, na wale wa chini wenye mabuti na visu wakaacha samaki wakatutazama.

Hospitali alilazwa siku tisa. Daktari aliandika barua, nami niliiona kwa macho yangu kwa sababu barua zote zinapita kwangu. Ilisema ana sonona na wasiwasi uliopindukia, vilivyotokana na mzigo wa kazi na kukosa mapumziko kwa muda mrefu; apumzike wiki nane, atumie dawa, ahudhurie kliniki kila wiki, na akirudi apunguziwe kazi. Kiswahili chepesi kabisa. Nikaipeleka kwa Chenge. Akaisoma akiwa amesimama, akaitupa kwenye trei, akasema, "Daktari anajua nini kuhusu minofu?"

Mchana wake akaandika kwenye kundi: "Ndugu zangu, tumuombee mwenzetu Nkwabi, anapitia changamoto za kifamilia." Watu thelathini na wawili wakajibu "Nimepokea". Na mimi nilijibu. Changamoto za kifamilia! Mke wake, Rose, ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mtulivu. Mtoto wao Shimba yuko darasa la pili na anampenda baba yake kupita kiasi. Familia ile ndiyo iliyomtegemeza kwa miezi kumi na minne, na sasa ndiyo inayopakwa matope ili kiwanda kibaki kisafi. Kufika Ijumaa maneno yalishakua. Wengine walisema karogwa na ndugu zake wa Magu. Wengine wakasema hana imani, apelekwe akaombewe. Mmoja, ambaye naye namwona anameza vidonge vya kichwa kila siku kama karanga, akasema, "Wanaume wa siku hizi laini." Sikumjibu, maana mkono wangu ulikuwa umeshika mkasi.

Basi ndiyo tukapanga safari ya pole. Kwetu mtu akiugua lazima wenzake waende, na ni jambo zuri. Sina ugomvi na desturi. Ugomvi wangu ni na kilichoandamana na soda.

Jumamosi saa nane mchana tulipanda gari la ofisi kwenda Mkolani. Mbele alikaa dereva na Chenge, ambaye alivaa shati la kitenge kama anakwenda kuposa. Nyuma tulikuwa mimi, Riddhi, wenzetu wawili wa mapokezi, kreti ya soda, mchele, sukari na sabuni. Juu ya magoti ya Chenge kulikuwa na bahasha ya kaki. Nilidhani ni kadi ya pole.

Riddhi aliniinamia. Riddhi amezaliwa Mwanza, baba yake kazaliwa Mwanza, babu yake Shantilal alikuwa na duka la vitambaa ambalo wazee wa Kirumba bado wanalitaja, na Kisukuma chake ni kizuri kuliko changu mara kumi. Si mtu wa umbea. Aliponong'ona nilijua ni jambo.

"Kilichomo kwenye ile bahasha kilitokea kwenye printa yangu jana," alisema. "Ni barua ya Nkwabi kuacha kazi. Kwa hiari. Sababu za kifamilia. Sehemu ya shahidi ina jina lako."

"Langu?"

"Dorotea Ndahani, karani. Limeshachapwa."

Nkwabi akisaini ile barua, kazi imekwisha, na kadi ya bima inakufa mwisho wa mwezi huo huo. Kliniki ya kila wiki hataiweza kwa mshahara wa mwalimu mmoja. Dawa zile hazitaki kukatizwa, Rose alishaniambia. Na asaini vipi mtu ambaye wiki mbili zilizopita alikuwa hajui jina langu? Lakini hapo hapo nikakumbuka mkataba wangu. Ni wa miezi mitatu mitatu. Mwaka wa tisa, miezi mitatu mitatu, na kila ukikaribia kuisha Chenge ananiita ananiuliza, "Dorotea, bado unatupenda?" Unaisha mwezi wa tisa. Nilimchukia Chenge kuanzia pale Butimba mpaka tulipopinda kuingia Mkolani, na nikanyamaza njia nzima.

Nyumba ya Nkwabi iko chini ya yale mawe makubwa, ua umefagiwa. Rose alitupokea kwa mikono miwili. "Karibuni jamani, karibuni sana, mmefanya vizuri." Alipoona kreti machozi yakamlengalenga. Alimwamkia Chenge shikamoo, ingawa hawapishani miaka mingi, kwa sababu tu ni bosi wa mume wake. Chenge akaitikia marahaba bila aibu.

Nkwabi alikuwa amekaa kwenye kochi, amenyolewa, amevaa shati lililopigwa pasi. Dawa zilikuwa zimemfanya mzito. Aliponiona akajilazimisha. "Mgogo," akasema, "umekuja kuomba mpaka huku?" Wote wakacheka kwa kupumua, kama watu waliofunguliwa vifungo. Amepona! Anatania! Nilimwona mwenzetu mmoja wa mapokezi anafuta macho kwa furaha. Mimi niliona mikono yake. Alikuwa ameikalia ili isitetemeke.

Chenge akaomba tusali. Akasali yeye mwenyewe, sala ndefu, akamtaja Mungu na kiwanda kwa pumzi moja. Akatoa hotuba kwamba sisi ni familia. Akaagiza picha ipigwe, Nkwabi katikati ameshikishwa mfuko wa sukari, na kabla hatujafungua soda picha ilishafika kwenye kundi. Simu zetu zote zikalia pamoja mfukoni. Na Nkwabi, naapa, aliposikia mlio ule alishtuka mwili mzima, akaanza kupapasa mfuko wa suruali atafute simu ajibu. Rose alikuwa ameificha kabatini kwa amri ya daktari. Akapapasa tena. Nikaangalia pembeni.

"Sasa mtani wangu," Chenge akasema. Nkwabi si mtani wake hata kidogo, wote ni Wasukuma, lakini alijua neno lile linalainisha. "Kuna kakaratasi kadogo ka kiofisi, ka kukusaidia upumzike vizuri bila mawazo. Unaweka saini hapa, Dorotea anaweka hapa, tunakunywa soda zetu."

"Ni ile ya likizo ya ugonjwa?" Rose aliuliza.

"Ni mambo hayo hayo, mama."

Mambo hayo hayo! Akamwekea Nkwabi karatasi gotini juu ya kitabu cha nyimbo cha Rose, akamkabidhi kalamu, akafunika maandishi ya juu kwa kiganja chake kinene, kimeacha mahali pa saini tu. Nkwabi akatoa mikono aliyoikalia. Ikatetemeka mbele yetu sote. Hakujaribu kusoma. Alimtazama Chenge kwa uso ule ule wa Jumatatu asubuhi, akatabasamu, akasema, "Nimepokea, bosi."

Wakacheka. Jamani, wakacheka.

Mimi sikufikiri. Ningefikiri ningekumbuka mwezi wa tisa. Niliinuka, nikanyakua ile karatasi kutoka gotini kwake, nikasema kwa sauti ya kelele kabisa, "Mtani nimechukua!"

Kila mtu mle ndani alielewa. Mtani akiingia nyumbani kwa mtani wake, hasa penye ugonjwa au msiba, ana haki ya kubeba kitu, hata kama ni kuku, hata kama ni kiti cha mwenye nyumba, na hakuna wa kumnyang'anya mpaka akombolewe kwa atakachotaka. Dereva alipiga makofi. Wasichana wa mapokezi wakapiga vigelegele. Chenge naye akacheka, akajipigapiga tumbo. Chenge ni Msukuma, kwa hiyo kwangu mimi ndiye mtani wa kweli, na angekataa mbele ya watu angeonekana hana adabu ya kwao.

"Haya, Mgogo, tumeshikwa," akasema. "Unataka nini nikomboe? Soda mbili? Mchele wote?"

"Nataka uisome."

"Niisome nini?"

"Karatasi. Kwa sauti, Rose asikie. Ukimaliza nakurudishia."

Bado walikuwa wanacheka. Chenge alicheka pia, lakini kicheko chake kilianza kukosa pumzi. "Ah, mambo ya ofisi hayo marefu, tutamchosha mgonjwa."

"Ina mistari sita. Soma, mtani."

"Dorotea." Sasa aliita jina langu kama anavyoliita mkataba ukikaribia kuisha. "Utani una mipaka yake. Lete karatasi."

"Hujakomboa."

Akanyoosha mkono. Nikarudi nyuma mpaka nikagusa kabati la vyombo. Vicheko vikaanza kuzimika kimoja kimoja. Basi nikaisoma mwenyewe. Nilisoma kwamba mimi Nkwabi Mayala, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, naomba kuacha kazi kuanzia tarehe ya leo kwa sababu za kifamilia, na kwamba sina dai lolote, la sasa wala la baadaye, kwa mwajiri wangu. Nikasoma mpaka jina la shahidi, nikalirudia. Nilikuwa na hasira ambazo sikujua mtu anaweza kuwa nazo akiwa amesimama kwenye sebule ya watu na viatu ameviacha mlangoni.

Rose aliweka chini trei ya bilauri. "Sababu za kifamilia," alisema. "Familia ni mimi. Nimemfanya nini?"

"Mama, hiyo ni lugha tu ya kiofisi," Chenge akasema.

"Nimemfanya nini mume wangu, Bwana Chenge? Nieleze. Mimi na mtoto wa miaka minane, tumemfanya nini?"

"Nia yetu ni njema. Hii kazi imemshinda, tunampunguzia. Hata kiwanda hakiwezi kusubiri wiki nane."

"Dawati la watu watatu!" nikasema. Nilikuwa sisemi tena, nilikuwa nafoka. "Miezi kumi na minne anafanya kazi ya watu watatu, unamsomea jina mstarini kama mtoto aliyechelewa namba, unamtumia ujumbe makaburini, leo unasema kazi imemshinda? Barua ya daktari iko kwenye trei yako, imeandikwa nini kimemuumiza. Kisha unampelekea mgonjwa karatasi chini ya mfuko wa sukari! Ungemfukuza kwa barua ya posta ningekuheshimu. Unamfukuza kwa sala!"

Hakuna aliyewahi kumwambia Chenge hivyo. Uso wake ulivimba. Alinitazama, kisha akageuka, akalegeza sauti, akaicheza karata yake ya mwisho.

"Nkwabi mwenyewe ni mtu mzima. Juzi nilimpigia kwa simu ya mke wake, nikaongea naye, akakubali. Si ndiyo, Nkwabi? Waambie. Si ulikubali?"

Tukamtazama sote. Nkwabi akainua uso, na nikaona kinaanza kuja, kile kitabasamu cha pembeni, mdomo unajipanga kutoa kichekesho. Angekitoa, tungecheka kwa sababu tulikuwa tunakihitaji, na Chenge angeokota kalamu. Wote mle ndani walishaegemea mbele kukipokea. Niliwachukia kwa hilo, nikajichukia mimi zaidi, maana mashavu yangu nayo yalishaanza kujikunja.

"Hapana," nikamwambia. "Nkwabi, usinichekeshe. Leo sicheki. Sema tu."

Mdomo wake ukabaki wazi. Mtoto Shimba alikuwa nje anapiga mpira ukutani, tukawa tunausikia, pu, pu, pu.

"Naumwa," Nkwabi akasema.

Sauti ilikuwa ndogo, hata sikuitambua kuwa ni yake.

"Naumwa. Nilimwambia bosi ndiyo kwa sababu nikisikia sauti yake siwezi kusema neno jingine. Sitaki kuacha kazi. Nataka kupona. Ile kazi ndiyo imeniumiza." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nawaambia kila siku."

Rose alikwenda kukaa karibu yake, akamshika mikono yote miwili.

Chenge akakusanya bahasha na kalamu. Karatasi hakuipata, nilikuwa nimeshampa Rose, na Rose alikuwa ameikalia. "Jumatatu naipeleka kwa afisa kazi," Rose alisema, "pamoja na nakala yetu ya barua ya daktari." Chenge akamjibu kwamba atajuta. Akanigeukia. "Na wewe, mwezi wa tisa unaujua."

"Naujua."

"Twendeni!" aliwaambia wengine. Kisha akafanya kitu ambacho nikisimulia watu hawaamini. Alimwamuru dereva abebe kreti ya soda. Chupa zote ishirini na nne bado zimejaa, hazijafunguliwa, akazirudisha kwenye gari, eti kreti ni ya kuazima. Wasichana wawili wa mapokezi walimfuata vichwa vimeinama. Riddhi hakuinuka. Alikaa pale pale, mkoba wake gotini, na Chenge alipomwita mara ya pili alimjibu kwa Kisukuma kwamba atarudi kwa njia yake. Nilisikia gari likigonga jiwe langoni likaondoka.

Tulibaki wanne sebuleni, bila soda. Rose akasema atachemsha chai, lakini hakuinuka, na mikono ya Nkwabi hakuiachia. Mimi nilikuwa bado nimesimama kwenye kabati la vyombo, nimekunja ngumi, maneno yanaendelea kunitoka. Nikasema Jumatatu nitakwenda naye kwa afisa kazi, nitatoa ushahidi, nitawaonyesha ile video, nitawaonyesha ujumbe wote wa lile kundi moja baada ya mwingine, na Chenge akinigusa nitamwonyesha Mgogo ni nani. Nilikuwa nazunguka sebule ile nikifoka peke yangu. Nafikiri nilifoka muda mrefu, kwa sababu Riddhi alinyoosha mkono akanishika sketi nisimame.

Nkwabi alikuwa ananitazama.

"Dorotea," akasema. Katika miaka tisa hakuwahi kuniita jina. "Na wewe je? Unalala?"

Nilifungua mdomo nimtanie. Jibu lilikuwepo, lilikuwa zuri, lilikuwa linahusu ng'ombe. Halikutoka. Nikakaa chini kwenye mkeka, hapo hapo miguuni pao, na ngumi zangu zikafunguka zenyewe.

"Silali," nikamwambia. "Tangu mwezi wa tatu silali."